Usingizi wa Bi Quitéria

Marehemu wote wa mji mdogo wa Serra do Umbu walikuwa na macho ya Dalvina. Watu hawakulijua hilo, na Dalvina mwenyewe alichukua miaka tisa kuligundua.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Mumewe, Erasmo, alizunguka mashambani kwa baiskeli, sanduku la sampuli mgongoni, akikusanya picha kuukuu za watu, na Dalvina alibaki studio, yaani chumba cha mbele cha nyumba yao, akizipaka rangi. Mkulima aliyepigwa picha kifua wazi alivalishwa suti. Mke na mume ambao hawakuwahi kusimama pamoja mbele ya kamera walisogezwa bega kwa bega. Na wale waliokufa kabla ya kupigwa picha, waliopigwa wakiwa tayari wamelazwa, Dalvina aliwafumbua macho kwa brashi. Picha ya macho yaliyofumbwa haikutundikwa sebuleni mwa mtu. Hiyo ilikuwa picha ya kutoa habari, ilitiwa ndani ya bahasha na kupelekwa kwa ndugu wa mbali ili wajue wamefiwa. Ya ukutani ilitaka macho, na kwa macho hakuna aliyemfikia Dalvina kutoka pale hadi Fortaleza.

Siku aliyoligundua alikuwa amepeleka fremu kwa jirani yake Generosa, akaketi sebuleni kungoja kahawa. Ukutani walikuwepo mama yake Generosa, mume wake, na kitoto chake cha kwanza, wote marehemu, wote kazi ya Dalvina. Walimtazama. Akahisi amewahi kutazamwa hivyo mahali fulani, asikumbuke ni wapi. Alipofika nyumbani akainama kunawa uso, akainua kichwa mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa juu ya meza yake ya kazi, ndipo akawaona tena wale watatu. Miaka yote hiyo, alipokosa mfano wa jicho, alikuwa akijitazama kwenye kioo.

"Macho ni macho," Erasmo alisema alipoambiwa. "Kuna aliyelalamika?"

"Hapana."

"Basi."

Lakini haikuwa basi. Tangu siku hiyo kila nyumba aliyoingia alijikuta yuko tayari ndani, ukutani, anajisubiri. Akaanza kutamani kupiga picha moja tu ambayo hakutia chochote chake ndani, wala jicho, wala suti, wala mkufu wa dhahabu, na hata hivyo iwe yake kuliko zote. Alijaribu kumweleza Erasmo tamaa hiyo, na kadiri alivyoieleza ndivyo ilivyozidi kuonekana upuuzi. Akaacha kuieleza, akabaki nayo.

*

Valdemir, mdogo wake Erasmo, alikuwa kusini, jijini São Paulo, mwaka wa kumi na mmoja sasa, akibeba zege kwenye majengo marefu. Hakujua kusoma wala kuandika. Barua zake ziliandikwa na watu mbalimbali, kila mmoja na hati yake, ila ombi lilikuwa lilelile: nitumieni picha ya mama.

Tatizo lilikuwa mama mwenyewe. Bi Quitéria, mwenye miaka sabini na ushei, mtu wa maneno na mikono isiyotulia, akiketishwa mbele ya kamera aligeuka gogo. Dalvina alijaribu mara tatu.

"Huyu nani?" mkwewe aliuliza kila alipoonyeshwa. "Huyu anangoja kung'olewa jino. Mwanangu akitumiwa huyu atadhani nimeolewa na mganga wa meno."

Erasmo alipoondoka kwa mzunguko wake wa wiki mbili alimwachia mkewe agizo mlangoni, mguu mmoja tayari kwenye pedali. "Mpige mama, picha ya macho wazi, mpake nguo ya buluu, uitume. Valdemir atafikiri tunamficha jambo."

Mchana wa siku ya nne, mji ulipokuwa umelala baada ya maharagwe na unga wa muhogo, Dalvina alipita chumba cha nyuma akitafuta ndoo. Mlango ulikuwa umerudishwa. Vigae viwili vya paa vilikuwa vimesogea tangu upepo wa Agosti, na kutoka pale mwanga ulishuka ukamwangukia Bi Quitéria ndani ya machela yake ya kulalia, kitambaa cha kubembea kilichofungwa ukuta kwa ukuta. Chumba kingine chote kilikuwa kiza. Uso ulikuwa umelegea, umefumba macho, na mdomo ulikuwa karibu kutabasamu kwa jambo la huko aliko. Mguu mmoja ulining'inia nje, na kidole gumba kiligusa ukuta, kikasukuma, machela ikaenda, ikarudi, kikasukuma tena. Alikuwa amelala fofofo, na kidole kinafanya kazi yake. Pale ukutani palikuwa na doa la miaka, jeusi, ukubwa wa sarafu.

Dalvina alisimama na ndoo mkononi, hakujua kwa muda gani. Kuku wa jirani alinyamaza. Alihisi kwamba ameingia ndani ya kitu ambacho kimekuwa kikitendeka kila siku nyuma ya mlango ule, na yeye mwenye kazi ya kutazama hakuwahi kukitazama. Akaiweka ndoo chini taratibu, akaenda kuleta kamera na miguu yake mitatu.

Mwanga ulikuwa mdogo, kwa hiyo ilibidi aache jicho la kamera wazi. Moja, akahesabu. Mbili. Kidole kikasukuma ukuta. Akafunga.

Alipoisafisha picha, peke yake katika chumba cha giza, uso wa mkwewe ulitokea ndani ya maji polepole, kwanza paji, kisha kope, kisha ile nusu ya tabasamu. Kingo zote za picha zilibaki nyeusi, kwa sababu chumba kilikuwa cheusi, na hakuziosha kwa dawa zing'ae. Uso ulitulia, maana kichwa kilikuwa karibu na kamba, lakini matamvua ya machela, yale aliyoyafuma Bi Quitéria mwenyewe kabla hajaolewa, yalikuwa yametikisika yakawa moshi mtupu. Mpiga picha yeyote angesema imeharibika. Dalvina alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia, na furaha ilikuwa kubwa hata akaogopa kutoka nje isimwagike.

*

"Ndiyo mimi?" Bi Quitéria aliuliza. Aliishika picha mbali, halafu karibu na pua, halafu mbali tena.

"Ndiyo wewe, mama. Nisamehe, nilikuiba."

Mikono ya bi kizee, ambayo kwa kawaida ingekuwa inachambua kitu, ilitulia.

"Sijawahi kujiona nimepumzika," alisema mwishowe. "Sikujua kama nina sura hii."

"Nikufumbue macho? Nitumie ile rangi nzuri?"

"Unifumbue ya nini, kwani nilikuwa macho? Itume hivihivi. Na barua nataka nikwambie mimi mwenyewe maneno, usiniwekee yale ya kanisani."

Dalvina akachukua kalamu. Bi Quitéria akafikiri, akatema maneno yake mafupi, Dalvina akayaandika yalivyo, akakunja karatasi, akaitia bahasha pamoja na picha. Kesho yake bahasha ikaondoka na gari la posta.

Erasmo aliporudi aliikuta nakala ya pili imening'inia kwenye uzi, inakauka. Alivua kofia, na Dalvina akaona kwamba hakuivua kwa sababu ya joto.

"Lini?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mama, lini?"

"Erasmo! Mama yuko jikoni."

Alikwenda jikoni mbio. Alimkuta mama yake anakwangua sukari guru, akamwomba baraka, akabarikiwa, akarudi amebadilika rangi.

"Niambie hukuituma."

"Nimeituma."

"Macho yamefumbwa," akahesabu kwa vidole. "Kingo nyeusi, kama kadi ya matanga. Ndani ya machela! Dalvina, umezaliwa wapi wewe? Baba yangu alipelekwa makaburini ndani ya nini, kama si machela? Halafu tazama hapa, na yenyewe imetikisika! Mwanafunzi wa mwezi mmoja angeitupa!"

"Kuna barua ndani. Maneno ya mama mwenyewe."

"Valdemir anajua kusoma?"

Katika siku zote zile ambazo Dalvina alitembea juu ya mawingu, hilo halikumpitia akilini. Erasmo akaketi palepale akaandika barua ya pili, mama mzima, usiogope, mke wa kaka yako ni msanii siku hizi, akaipeleka mwenyewe posta. Kuanzia hapo barua mbili zikawa njiani zinafukuzana, na wao wakawa wanazisikiliza.

*

Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, kengele ya kanisa ilipoanza kulia ile ya msiba, mpigo mmoja, kimya, mpigo mmoja.

Bi Quitéria alikuwa amekaa kwenye kizingiti anachambua maharagwe. Akajifanyia ishara ya msalaba. "Maskini. Generosa!" akaita ng'ambo ya barabara. "Nani amefariki?"

Generosa alikuwa amesimama dirishani kwake amejishika mdomo. Kutoka uwanjani ulikuwa unakuja msafara, wanawake mbele na vitambaa kichwani, wanalia kwa sauti, wanaume nyuma na kofia mikononi. Katikati alitembea mtu mrefu aliyekonda, shati jeusi, shada la maua ya plastiki kifuani, utepe wake umeandikwa kwa dhahabu. Alitembea ameinamisha kichwa. Alipofika mbele ya kizingiti akasimama, na msafara wote ukasimama, na kilio kikafa kidogokidogo kuanzia mbele kwenda nyuma. Wa nyuma kabisa waliendelea kulia kwa muda, maana hawakuwa wanaona.

"Nibariki, mama," alisema Valdemir.

"Mungu akubariki," Bi Quitéria alijibu kwa mazoea, kisha ungo wa maharagwe ukamponyoka. "Valdemir? Wewe? Nani amekufa, mwanangu?"

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Mwishowe mtoto mmoja wa kike akasema kwa sauti safi, "Ni wewe, bibi."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika hadi kwa padri. Watu walicheka wakakaa chini. Bi Quitéria alimkumbatia mwanawe pamoja na shada lake, akalia, akacheka, akampiga kofi la mgongo, akamkumbatia tena. Dalvina, mlangoni, brashi sikioni, alikuwa mtu pekee katika umati ule ambaye hakuweza kufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa ameona picha ikichungulia kwenye mfuko wa shati jeusi.

Na kengele, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kwenda kumwambia mpiga kengele, iliendelea kulia.

*

Kicheko cha watu wengi hakikai. Jumatano asubuhi Generosa alikuja na neno.

"Mimi sisemi kitu, Bi Quitéria, na wewe unanijua sisemi kitu. Lakini kengele ikilia kwa jina la mtu, hairudi hivihivi. Mtu amepigwa picha ya kifo, ameliliwa, amepigiwa kengele. Kimebaki nini?"

"Kimebaki kufa," alisema Bi Quitéria, akatia kahawa. Alisema kwa mzaha. Lakini mchana huo hakwenda kwenye machela. Alivuta kiti cha ngozi hadi ukumbini akaketi wima, macho wazi, mikono magotini.

"Huna usingizi, mama?" Dalvina aliuliza.

"Joto tu."

Alhamisi vilevile. Ijumaa alisinzia akashtuka, akajipapasa uso. Usiku alikesha na rozari. Ikawa yule mwanamke aliyelala kila mchana wa maisha yake, hata mwaka wa njaa, hata siku ya kumzika mumewe, sasa analinda macho yake mwenyewe yasifumbe. Akaanza kuwa yule wa kamera, gogo, mtu anayengoja kung'olewa jino. Dalvina alipita mbele yake mara kumi kwa siku. Picha pekee aliyowahi kuipenda ilikuwa imemnyang'anya mtu usingizi.

Mambo mengine yalikuwa madogo lakini yalikuja pamoja. Familia moja iliyongoja harusi ikatuma mtoto kurudisha pazia la kupigia picha walilokuwa wameazima, na kusema watapiga picha mji wa pili. Kwenye duka la unga mwanamume mmoja alijiziba uso kwa kofia Dalvina alipoingia, akasema, "Usinitazame, mama, bado nina watoto wadogo," na wote wakacheka. Erasmo alirudi Jumamosi kutoka mashambani na sanduku lake tupu, bila picha hata moja ya kupakwa. Hakupiga kelele. Alilifungua mbele ya mkewe, akalifunga, akaliweka chini ya kitanda.

Na Valdemir alikaa tu. Alikuwa amefukuzwa kazi. Msimamizi alimwambia ukienda usirudi, akaenda. Alirudi mikono mitupu mahali ambapo anayerudi kutoka São Paulo hurudi angalau na redio. Alikula kidogo, alimjibu kila mtu kwa heshima, na wakati Dalvina alipojaribu kumwomba radhi alikwepesha macho. "Usijali, shemeji. Usijali kabisa." Dalvina alichukulia kwamba hawezi kumsamehe, na hakumlaumu.

Jumamosi hiyo, kabla ya chakula cha jioni, Erasmo alisema, "Kesho baada ya misa. Hapa ukumbini, mlango wazi, watu waone. Utamfumbua mama macho kwenye picha. Utampaka nguo ya buluu. Zile kingo utazipaka maua. Halafu filamu yenyewe tunaichoma."

"Filamu pia?"

"Dalvina, mama halali."

Hilo ndilo lililomaliza maneno. "Sawa," alisema. "Nitamfumbua."

*

Walikuja wengi kuliko walioketi misani. Generosa alipata kiti cha mbele. Erasmo aliiweka meza ya kazi katikati ya ukumbi, akapanga rangi, brashi na kikombe cha maji, na kile kioo kidogo akakitegemeza kwenye chupa, maana alijua jinsi mkewe anavyofanya kazi. Picha iliyowekwa mezani ilikuwa ileile ya Valdemir, imekunjika pembe moja kwa safari. Erasmo alitaka iwe hiyohiyo, ndiyo iliyoleta balaa.

Bi Quitéria alikuwa kwenye kiti chake cha ngozi, macho mekundu. Hakuwa amelala tangu Jumatano kulala kunakoitwa kulala.

Dalvina aliketi. Akachovya brashi nyembamba kuliko zote, ya nywele tatu, kwenye rangi ya kahawia. Akatazama kioo. Wakamtazama: mama yake Generosa, mume wake Generosa, kile kitoto, na wengine wote waliotundikwa katika nyumba za watu hawa waliosimama hapa. Sasa ataongezeka Bi Quitéria, akiwa bado yu hai, kwa macho ya mkwewe. Akateremsha mkono. Uso ule uliolala ulikuwa chini ya brashi, na ile nusu ya tabasamu. Akainua mkono. Akauteremsha tena.

"Shemeji, acha."

Valdemir alikuwa ameegemea ukuta nyuma. Alisogea mbele, watu wakampisha.

"Acha, usiiharibu. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?" Erasmo aliuliza.

"Kwamba mama yu hai." Alikuwa anazungumza na sakafu. "Nilijua tangu Feira de Santana. Nilipoipata picha kule São Paulo, kweli, nilijua mama amekufa. Nikanunua shati, nikanunua shada, nikapanda basi. Kila mtu ndani ya basi akanipa pole. Siku ya pili, Feira de Santana, basi likasimama watu wapate chakula. Mimi sikuwa na hamu ya kula, nikaitoa picha nimtazame. Nikamtazama kwa muda mrefu. Nikaona kidole."

Akaweka kucha yake juu ya picha, pale chini, kiza kilipokutana na ukuta.

"Hiki hapa. Kinasukuma. Nimelala chumba kimoja na kidole hicho miaka kumi na tisa, nakijua. Halafu nikaona haya matamvua, yamepeperuka. Nikasema, maiti hajibembezi. Huyu anajibembeza."

Dalvina alikuwa amesahau brashi hewani. Hakuna mtu aliyewahi kuangalia kazi yake kwa muda mrefu hivyo, na hakuna aliyewahi kukiona alichokiona yeye.

"Ulijua," alisema Erasmo, "na ukaja na shada?"

"Basi la kurudi kusini lilikuwa limesimama palepale, ng'ambo ya barabara. Ningevuka tu. Baada ya siku mbili ningekuwa kule, pengine wangenirudisha kazini." Valdemir alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nikafikiri, nikirudi nitamwambia nini msimamizi? Kwamba mama ni mzima, kwa hiyo sina ruhusa ya kwenda kumwona? Miaka kumi na mmoja, kaka. Kila mwaka nasema mwakani, nikipata redio, nikipata viatu. Nikaona nikae humohumo ndani ya basi. Niliposhuka hapa uwanjani wakaliona shada, wakaanza kulia, na mimi nikashindwa kusema ukweli. Ningesema nini? Mwanamume mzima, nimekuja bure, nimemkumbuka mama tu?"

"Na barua?" Dalvina aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo. "Barua ilikuwamo ndani."

Aliitoa mfukoni. Ilikuwa bado imekunjwa vilevile alivyoikunja yeye. "Ya kaka haikunikuta. Hii, mwanzoni niliona aibu mtu baki anisomee kifo cha mama yangu. Baada ya Feira de Santana niliogopa mtu akinisomea, itanibidi nigeuze."

Dalvina akaweka brashi chini, akaikunjua karatasi, akasoma kama alivyoandikishwa, mistari minne tu. "Mwanangu. Huyo ni mimi baada ya chakula. Usingizi wangu ni mzuri. Wako je?"

Bi Quitéria alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. Alitembea hadi kwa mwanawe akamshika kidevu, kama anavyoshikwa mtoto anayekaguliwa masikio, akamwinua uso.

"Haya, wako je?"

"Mbaya, mama," alisema Valdemir, na mbele ya mji mzima akaanza kulia kama ambavyo hakulia nyuma ya shada. "Mbaya sana. Huko tunalala kwa zamu. Kitanda kina joto la mtu mwingine."

"Basi machela ya baba yako iko sandukuni. Erasmo, mfungie mdogo wako kwenye ile misumari ya pili. Na nyie wengine," akageuka, "mmekuja kuniona nikifumbua macho? Nimeyafumbua tangu Jumatano, tazameni yalivyo! Haya, yatazameni, mwende kwenu. Nina usingizi mimi."

*

Hawakwenda mara moja. Watu hawaendi hivyo. Walipanga mstari mbele ya meza, kila mmoja akainama kutafuta kidole. Wengine walikiona upesi, wengine walionyeshwa. Kila aliyekiona alisema "Ah," akapisha wa nyuma yake. Generosa alikaa nayo kuliko wote, kisha akauliza polepole, bila kumtazama Dalvina, kama mume wake naye alikuwa na kitu cha namna hiyo katika ile picha ya kwanza, kabla hajafumbuliwa.

"Alikuwa na alama ya kofia kwenye paji," Dalvina alisema. "Niliifuta. Nisamehe."

"Ndiyo," alisema Generosa. "Alikuwa nayo kweli." Akajifunga kitambaa chake upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

Dalvina aliosha brashi, akaiminya nywele zake tatu, akamwaga maji ya kahawia nje kwenye vumbi. Kioo hakukirudisha juu ya meza ya kazi, alikitundika juu ya beseni la kunawia uso. Alipopita chumba cha nyuma, ndoo mkononi, mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Machela zilikuwa mbili sasa. Katika moja Valdemir alikuwa amekwisha kuzama, mdomo wazi, shati jeusi limetupwa sakafuni. Katika nyingine Bi Quitéria alikuwa bado hajalala kabisa.

"Dalvina."

"Naam, mama."

"Siku nikifa kweli, watakuletea unifumbue. Usinifumbue. Nitakuwa nimeyafumba mwenyewe."

"Sitakufumbua, mama."

"Na sasa nenda, au lete kamera. Usisimame hapo na ndoo."

Kidole kikatafuta doa lake ukutani, kikalipata, kikasukuma.

Ukumbini, mtu wa mwisho alikuwa mzee mmoja wa mashambani, aliyechelewa na asiyesikia vizuri, kofia kifuani tayari kwa kutoa rambirambi. Erasmo alikuwa amekaa naye mezani, ameishika ile picha kwa vidole viwili pembeni, asiiguse katikati.

"Pole, mwanangu," mzee alikuwa anasema. "Ni mama yako huyu? Pole sana."

"Hapana, baba, tazama vizuri," alisema Erasmo, na kutoka mlangoni Dalvina alimsikia akipaza sauti ili mzee asikie, akiwa na majivuno ambayo hakuwahi kuyasikia kwake. "Tazama hapa chini. Imetikisika. Huoni? Imetikisika!"